Kilo Kumi na Mbili

Mtunza stoo alifika kazini saa moja kasorobo asubuhi, akafungua kufuli mbili, akapangusa mizani kwa kitambaa kama alivyofanya kwa miaka tisa. Wenzake walimwita Mizani. Hakuna kilichotoka stoo yake bila kulazwa kwanza juu ya ile sahani ya chuma: misumari, kamba, madumu ya mafuta, na mitungi ya gesi ya kujazia matairi.

Mitungi ilikuwa minne, kila mmoja ukimfikia mtu gotini. Kampuni ilipeleka wapima ardhi ng'ambo ya bonde la mchanga, na gari haliingii mchangani na matairi magumu. Dereva hupunguza upepo kutoka thelathini na sita hadi kumi na tano kwenye geji, tairi likalala na kukanyaga kwa upana. Akitokea upande wa pili, kwenye mawe, hufunga mpira wa mtungi kwenye valvu na kujaza upya. Dakika mbili kwa tairi. Asipojaza, mawe huyachana matairi yote kabla hajamaliza kilomita moja.

Geji ya mtungi si ya kuaminiwa. Gesi hukaa ndani ikiwa majimaji, na maadamu kuna chochote kilichobaki, mshale husimama palepale, ziwe kilo nne au nusu kilo. Anayetaka ukweli hupima uzito. Mtungi mtupu una kilo saba na nusu. Ukijaa, kumi na mbili. Mizani alipima, akaandika namba kwa chaki begani mwa mtungi, na dereva akaondoka bila kuuliza.

Miezi mitano iliyopita, asubuhi moja ya haraka, Mizani alitazama geji ya mtungi namba tatu, akaona mshale uko juu, akaandika 12. Hakuupandisha kwenye mizani.

Dereva aliyeuchukua alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Walimwita Peremende, kwa sababu hakuwahi kukaa nusu saa bila kuwa na peremende shavuni. Alikwenda peke yake kupeleka vipuri kambini. Walimpata siku ya nne, amekufa kwa kiu, mahali mchanga unapoishia na mawe yanapoanza.

Mkuu wa kampuni alipouliza, Mizani alijibu kwamba mtungi ulitoka na kilo kumi na mbili na namba ipo, iko wazi. Basi fomu ikajazwa kuwa dereva hakukaza koki, gesi ikavuja njiani, na uzembe ni wake. Dada mtu aliposomewa fomu hiyo hakulia. Alisema tu kwamba mume wake alikuwa akiamka kitandani mara mbili kuhakikisha bomba la jikoni limefungwa.

Sasa, asubuhi hii, dada alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya stoo, na chupa ya maji mapajani. Alikuwa ameomba kwa miezi mitano apelekwe akapaone mahali alipofia mumewe. Mkuu alikubali kwa sharti kwamba ndugu yake afuatane naye. Dereva alikuwa Breki, mtu wa maneno mengi, mmoja wa wale wawili waliomkuta Peremende, na gari lilikuwa lile lile.

Mitungi mingine mitatu ilikuwa safarini. Uliobaki ulikuwa namba tatu, wenye koki mpya.

Mizani aliupandisha kwenye sahani. Kumi na mbili. Akaushusha, akaupandisha tena. Kumi na mbili. Breki alikuwa mlangoni akimtazama.

"Leo umeupima mara mbili," alisema. "Unaupima au unaubembeleza?"

Dada alicheka kidogo. Mizani alishika chaki, akaandika namba.

Walifika mchangani saa nne. Mizani alishuka, akapunguza upepo tairi moja moja, akisikiliza mlio na kusoma geji ya mkononi. La mwisho lilikuwa la nyuma kushoto. Kumi na tano. Alirudisha kifuniko cha valvu na kupanda. Njiani Breki alisimulia habari za mama mkwe wake aliyeogopa lifti, na dada akamwambia kwamba mama mkwe huyo anastahili mkwe mwenye akili zaidi. Jua lilikuwa kali. Hakukuwa na jambo.

Saa sita walitokea kwenye mawe. Breki alizima gari. Hakuwa na utani tena.

"Ni hapa, shemeji," alimwambia dada, na kunyoosha kidole kwenye mawe matatu yaliyopangwa. "Tuliyaweka sisi."

Dada alikwenda akasimama pale. Mizani alitoa mtungi na kuanza kazi, ili mikono iwe na la kufanya. Mbele kushoto, dakika mbili. Mbele kulia, dakika mbili. Nyuma kulia. Mpira uliganda ukaota ukungu mweupe, kama unavyofanya gesi ikitoka kwa kasi. Vidole vilimuuma kwa baridi katikati ya jua lile.

Akazunguka nyuma kushoto. Kifuniko cha valvu hakikuwa mahali pake. Kilikuwa chini, juu ya jiwe bapa, kimesimama wima.

Peremende alikuwa akiviweka hivyo. Madereva wengine huvitia mfukoni.

Mizani alipima tairi. Geji ilisoma thelathini na sita.

Akapima tena. Thelathini na sita. Alikuwa amelipunguza mwenyewe, na mkono wake ulikuwa unakumbuka. Akabonyeza valvu kwa ukucha ili upepo utoke kidogo. Ulimpiga usoni. Ulikuwa na joto na unyevu, kama wa mtu anayepangusa miwani kwa kuihemea.

Ulinukia peremende.

Breki alikuwa amekuja nyuma yake. Alichuchumaa, akaongea kwa sauti ya chini ili dada asisikie.

"Kuna jambo hatukulisema ofisini. Tulimkuta amepiga magoti kwenye tairi hili. Mdomo uko kwenye valvu. Alikuwa anajaribu kulipuliza."

Mizani alitazama valvu.

"Alikuwa ameng'oa ule msumari wa ndani, ule unaozuia upepo usirudi. Ulikuwa kiganjani mwake. Valvu tundu tupu, Mizani. Na tairi limejaa. Gumu kama lilivyo sasa. Tulirudisha msumari, tukakubaliana tusimwambie mtu."

"Mnanong'ona nini?" Dada alikuwa amesimama nyuma yao.

Kabla hawajajibu, wote watatu walisikia. Sauti ilitoka ndani ya tairi. Ilikuwa ndogo. Fuu. Kimya. Fuu. Kimya kirefu, kama mtu anayevuta pumzi kwa shida. Fuu.

Breki alisimama na kurudi nyuma mpaka upande wa pili wa gari.

Dada hakurudi nyuma. Alipiga magoti pale pale, akaweka kiganja ubavuni mwa tairi, kama mtu anavyompima mgonjwa homa.

"Ni yeye," alisema. "Anapuliza."

Mizani alisukuma geji kwenye valvu. Arobaini. Akabonyeza upepo utoke, ukatoka mwingi, wa moto. Akapima. Arobaini na nne. Fuu. Arobaini na nane. Ubavu wa tairi ulianza kutuna karibu na bega la dada yake. Tairi likipasuka mtu akiwa karibu hivyo, hapelekwi hospitali, huzikwa. Mizani alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika kampuni. Alikuwa amewafundisha wenzake.

"Dada, toka hapo."

"Sitoki."

"Litapasuka."

"Amebaki hapa miezi mitano, mdogo wangu. Kuna anachodai." Hakuwa amepandisha sauti. "Ule mtungi uliupima?"

"Niliupima."

Fuu. Hamsini na tano. Waya ndani ya tairi zililia.

Alimshika dada mkono kumvuta. Hakusogea. Hakuwa mzito hivyo. Mizani alivuta kwa nguvu zote, na ilikuwa kama kuna mwingine upande wa pili aliyemshika.

Sitini.

"Sikuupima," Mizani alisema. "Nilitazama geji. Nilikuwa na haraka. Niliandika tu."

Sauti ilikatika.

Dada alitoa kiganja chake kwenye tairi, akakitazama, kisha akamtazama ndugu yake. Baadaye Mizani alipima tena, kwa sababu ya mazoea. Thelathini na sita kamili. Aliokota kifuniko juu ya jiwe, akakifunga.

Walizunguka kurudi kwa njia ya mawe, ndefu, wasiukanyage mchanga tena. Breki aliapa kwamba hakusikia lolote, alikuwa upande mwingine, na hataki kuulizwa. Dada alikaa nyuma. Alisema neno moja tu katika safari nzima, walipokaribia mjini.

"Utaandika."

Mizani alimwambia ataandika. Kesho.

Kesho yake alikuwa na kazi nyingi. Keshokutwa yake mkuu alikuwa na wageni. Siku ya tatu Mizani alijiambia kwamba dada ameshajua, na aliyestahili kujua ni yeye. Karatasi haimrudishi mtu, na kazi ikipotea watoto watakula nini. Aliliona hilo kuwa jambo la busara. Alilala vizuri.

Asubuhi alitoka uani kuchukua ndoo. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta, mahali ilipokuwa tangu mwaka juzi, alipoiacha matairi yamelala chini na mpira umepasuka pasuka.

Sasa ilikuwa imeinuka. Matairi yote mawili yalikuwa magumu.

Vifuniko viwili vya valvu vilikuwa juu ya tofali, vimepangwa wima. Mizani aliinama. Aligusa valvu ya mbele kwa kidole gumba.

Ilikuwa na mate.

Ndani ya nyumba mke wake alimuuliza mtoto wao nani ameujaza mpira wake wa miguu namna hii, mpaka unataka kupasuka. Mtoto alisema hajui, aliukuta hivyo chini ya kitanda.

Mizani hakunywa chai. Alifika kazini kabla ya mlinzi kuondoka, akaandika ukurasa mmoja na nusu, akausaini, akampa mkuu mkononi. Alieleza geji, chaki, haraka, na uongo aliousema baadaye. Mkuu alisoma mara mbili. Jioni ile fomu ya zamani ilipigwa mstari, ikaandikwa nyingine, na nakala ikapelekwa kwa mjane. Mizani aliondolewa stoo, akapewa kazi ya kuosha magari, na hakulalamika. Dada yake hajaongea naye mpaka sasa, ila fomu ameitia kwenye fremu, iko ukutani sebuleni.

Siku ya kukabidhi stoo walipima kila kitu, Mizani, mkuu na mtunza stoo mpya. Mtungi namba tatu ulipandishwa mwisho. Ulikuwa umejaza matairi matatu kule kwenye mawe, na kwa hesabu ya kawaida ungekuwa na kilo kumi hivi.

Mshale ulisimama kwenye kumi na mbili.

Mkuu aliamuru utolewe gesi yote. Walifungua koki. Hakikutoka kitu, hata mlio. Waliuacha wazi usiku kucha, na asubuhi wakaupima. Kumi na mbili. Wakafuta chaki kwa kitambaa kibichi na kuurudisha kwenye rafu.

Upo mpaka leo, koki wazi, na hakuna dereva anayeuchukua. Mtunza stoo mpya huupima kila Jumatatu kwa sababu ndiyo kazi yake. Haandiki namba. Anasema hakuna haja. Kila akiingia anaikuta begani mwa mtungi, mbichi, kwa mwandiko wa Mizani.