Mtoto wa Pili wa Kabati

Jumanne asubuhi karakana ya Jabez Holroyd ilinuka nywele zilizoungua. Jabez alichungulia sufuria ya gundi, ilikuwa salama. Akanusa huku na huku, pua yake ikamfikisha kwenye kabati la Bwana Haverleigh.

Lilikuwa kabati la njumu, lililopambwa kwa vipande vya shaba na gamba, lililokuwa likisubiri gari la farasi lilipeleke kwenye jumba la tajiri huyo mashambani. Mlangoni mwake alisimama mtoto wa kike wa shaba katika uwanja wa gamba la kasa ng'amba, ameshika ndege. Sura ilikuwa ya Keziah, binti wa Jabez, mwenye miaka saba.

"Mwenzake yuko wapi?" aliuliza Mzee Silas, fundi aliyemfundisha Jabez kazi.

Shaba na gamba hukatwa pamoja, kwa msumeno mmoja, kwa hiyo huzaliwa watoto wawili: wa shaba ndani ya gamba, na wa gamba ndani ya shaba. Wa pili huwa hatupwi.

"Nilimchoma Jumamosi, mzee. Bwana Haverleigh hataki kuwe na mwingine duniani."

Silas aliketi polepole. "Na wewe ukakubali, kama mbuzi?"

"Si gamba tu, mzee?"

"Gamba lenye sura ya mwanao. Nenda nyumbani, Jabez. Nenda kamtazame."

Alimkuta Keziah kwenye kiti dirishani, juani, anatetemeka. Mkewe, Hester, alimnong'oneza, "Tangu Jumamosi hali kitu. Mshike mkono." Mkono ulikuwa baridi kama chuma.

"Baba," mtoto alisema, "kuna mwenzangu anataka kuingia. Anasema kwake kumeungua."

Jabez akatazama sakafuni. Kivuli cha kiti kilikuwa pale. Lakini katika kivuli hicho kiti kilikuwa kitupu; kivuli cha mtoto hakikuwapo.

Alirudi mbio, hata kofia hakuikumbuka, na Silas alipomwambia, "Mkate upya, umpe pa kukaa, usisahau hata unyoya," alikuwa ameshaushika msumeno, akakata paji, akakata shavu, akakata vidole vile vidogo anavyovijua, huku ile harufu ikimkaba koo na kitu kikimpumulia shingoni pumzi ya moto, na nje farasi wakigonga kwato na mwenye gari akifoka kwamba hatangoja zaidi, mpaka akambandika mtoto wa gamba ndani ya mlango, mgongo kwa mgongo na yule wa shaba, akaufunga.

Harufu ikakatika palepale. Kabati likapakiwa, likaenda zake.

Nyumbani Keziah alikuwa anakula mkate na siagi, mashavu yamerudiwa na rangi. Hester alicheka huku machozi yakimtoka. Kivuli cha mtoto kilikuwa kimelala sakafuni, kizima, toka kichwani mpaka miguuni.

Jabez alipiga magoti amkumbatie. Ndipo akakitazama vizuri.

Keziah alikuwa amemaliza mkate, mikono yake mitupu mapajani. Kivuli chake kilikuwa kimeinua mkono, na juu ya vidole kitu kidogo kilikuwa kinapiga mabawa.

"Baba," Keziah alinong'ona, "ndege anauliza, mbona yeye hukumkata?"