Kivuli Kisichotaka Kuta

Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa uzio pale Bi Sindano alipotoka kibandani na utepe wa kupimia, kwenda kulipima tela kwa mara ya tatu. Miaka thelathini alikuwa akishona maturubai ya malori, na hakuwahi kukata kitambaa kabla hajapima mara tatu. Wateja walimcheka. Lakini maturubai yake hayakuvuja.

Tela lenyewe lilikuwa boksi la bati la magurudumu mawili, la kubebea mizigo, alilolipata limechakaa kwenye yadi ya magari makuukuu. Ndani alishaweka godoro, rafu na dirisha dogo. Kilichobaki ni kivuli cha ubavuni: turubai la kijani linalochomekwa kwenye reli juu ya tela, likavutwa mbele kwa nguzo mbili na kamba, mtu akae chini yake, jua lisimchome wala mvua isimlowanishe.

Mtu mwenyewe alikuwa mumewe. Watu walimwita Breki, kwa kuwa katika miaka arobaini ya kuendesha malori hakujulikana kwa kuikanyaga. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari hakumung'unya maneno: miezi, ikizidi sana mwaka. Watoto walitaka baba yao atulie chumbani. Dada yake Breki ndiye aliyekuja juu zaidi.

"Mgonjwa anapelekwa porini? Wifi, umerogwa?"

Breki alijibu mwenyewe, akipumzika kila baada ya maneno mawili matatu. "Nimepita kila mahali, sijafika popote. Kuna ziwa kule milimani nimelipita mara mia mbili. Safari hii nataka kulikalia."

Basi. Likaisha.

Bi Sindano alikuwa ameinama, utepe umemkaa mdomoni, aliposikia sauti getini.

"Dada."

Alikuwa mwanamke mwembamba, amejitanda shuka la kijivu mpaka kwenye nyusi. Mvua haikunyesha siku ile, lakini shuka lilikuwa linadondosha maji. Na alinuka... alinuka moshi wa taa iliyozimwa sasa hivi.

"Niazime sindano."

"Wengine wangekwambia sindano haiazimwi jua likizama," Bi Sindano akasema akicheka. "Mimi sina habari hizo. Chukua." Akampa sindano nene ya mkono. Vidole vilivyoipokea vilikuwa baridi kama bomba la alfajiri.

"Unashona nini?"

"Kivuli. Tunakwenda kupiga kambi na mzee wangu."

"Kina kuta?"

"Kuta za nini? Anataka kuona nje."

Mwanamke akatikisa kichwa, polepole. "Mgonjwa hufunikwa," akanong'ona.

Bi Sindano hakuwa amesema kwamba mumewe ni mgonjwa. Akainua uso amuulize. Getini palibaki mnyororo tu, unabembea.

*

Walifika ziwani siku ya nne, pikapu ikilivuta tela taratibu, Breki akimkosoa mkewe kila kona. Eneo la kambi lilikuwa tambarare ya majani mafupi juu ya maji, na kibanda cha mlinzi mwendo wa dakika tano. Hapakuwa na wageni wengine. Bi Sindano akachomeka turubai kwenye reli, akasimamisha nguzo, akapigilia vigingi, akakaza kamba mpaka kitambaa kikalia kama ngoma. Akamweka mumewe kitini.

Breki akalitazama ziwa kwa muda mrefu.

"Kumbe ni kubwa hivi," akasema. "Kutoka barabarani unaliona kama sahani."

Jioni Bi Sindano akachukua ndoo akaenda bombani, karibu na kibanda cha mlinzi. Hakukawia. Aliporudi, alisimama hatua kumi kutoka kwenye tela, ndoo mkononi.

Kivuli kilikuwa na ukuta.

Upande wa machweo, kuanzia juu hadi majanini, kilining'inia kitambaa cha kijani, kijani kilekile. Nyuma yake mumewe alikuwa akihema kama mtu anayepanda mlima.

"Mzee! Nani kaweka hiki?"

"Si wewe?" Breki akafumbua macho kwa shida. "Umekaa hapa unashona. Nimesikia uzi ukivutwa... krrr... krrr... Nikasema, huyu mwanamke hapumziki."

Bi Sindano akaushika mshono. Fundi huujua mshono wake kama anavyoujua mwandiko wake, na huu haukuwa wake. Ulikuwa wa mkono, hatua zake ndogo ndogo, zimebanana kama meno ya mtoto. Tena ulikwenda kinyume, kama wa mtu wa mkono wa kushoto. Na kitambaa kilinuka moshi wa taa.

Hakupiga kelele. Alichukua kisu chake cha kufumulia akaanza juu, uzi mmoja mmoja, mpaka ukuta ukaanguka. Upepo wa ziwani ukaingia. Pumzi za Breki zikashuka, zikatulia.

Akakikunja kile kitambaa, akakirushia mbali majanini. Asubuhi hakikuwapo.

*

Jioni ya pili hakwenda bombani. Aliingia ndani ya tela kuchukua sufuria tu. Sufuria ilikuwa kwenye rafu ya juu. Alinyoosha mkono, akaishusha, akatoka.

Kuta mbili.

Midomo ya Breki ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Bi Sindano alifumua huku akitukana, matusi ya yadi ya malori, yale ambayo mumewe hakujua kwamba anayajua. Alipomaliza, Breki alikuwa anatetemeka. Halafu mkewe akaona kwamba anacheka.

"Hilo la mwisho... nani kakufundisha?"

"Wewe. Ukiwa usingizini."

Mlinzi alisikia kelele akaja na rungu lake. Alikuwa mtu mzima, mpole, wa kusema kwa kuchagua maneno. Akalizunguka tela mara moja. Akapapasa mkwaruzo mrefu kwenye bati karibu na mlango. Akarudi nyuma.

"Mama, mmelipata wapi hili?"

"Yadi. Kwani vipi?"

"Limewahi kuja hapa." Akashusha sauti, Breki asisikie. "Bwana mmoja na mkewe. Bwana alikuwa hoi. Mke aliogopa upepo kuliko mauti. Akashonea kivuli chao kuta, moja leo, moja kesho. Mumewe akawa anasema, niachie nafasi nione maji. Nilimsikia kwa masikio yangu. Yeye anajibu, utapata baridi. Ilipofungwa ya mwisho, siku tatu hatukuona mtu. Nikaja na wenzangu tukachana."

"Mkakuta nini?"

"Bwana. Ameshafariki, amefunikwa vizuri."

"Na mke?"

Mlinzi akatazama ziwa. "Mke hatukumpata. Lakini mama... zile kuta zilikuwa zimeshonwa kwa ndani. Zote. Hadi fundo la mwisho."

Kamba ya kivuli ikalia kidogo kwa upepo.

"Ondokeni asubuhi," mlinzi akasema. "Mimi ningeondoka sasa hivi."

*

Bi Sindano alimwambia mumewe kila kitu. Katika ndoa yao uongo ulikuwa wa bei za vitu tu.

Breki akasikiliza mpaka mwisho. "Miaka arobaini nimeondoka kila mahali kwa sababu mtu fulani kaniambia ondoka," akasema. "Bosi. Askari. Makuli. Hapa siondoki. Wewe je?"

"Mimi nilikishona kivuli changu macho yakiniuma. Hakuna wa kunipangia kitakaaje."

"Basi tumwone huyo fundi mwenzio."

Jioni ya tatu wakakaa pamoja chini ya turubai, viti vimegusana, mkono wa kuume wa Breki mkononi mwa mkewe. Kwenye mapaja ya Bi Sindano kulikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia maturubai. Jua likagusa maji. Ndege wakanyamaza wote kwa pamoja, kama waliokemewa.

Halafu moshi wa taa.

Krrr...

"Usigeuke," Breki akanong'ona.

Krrr... krrr...

Ukuta wa kushoto ukashuka bila upepo, bila mkono. Wa kulia ukafuata. Mwanga ukabaki mbele tu, kipande cha ziwa chenye rangi ya shaba. Bi Sindano akaung'atisha mkasi kwenye kitambaa. Mkasi ule ulikuwa ukikata turubai la lori kama karatasi. Sasa ulitafuna tu, haukukata. Akajaribu tena. Makali yakapinda.

Ukuta wa mbele ukaanza kushuka.

Ziwa likawa mstari. Mstari ukawa uzi. Kisha giza, na ndani ya giza pumzi za watu watatu.

Ya Breki. Yake.

Na nyingine, iliyolowa maji, karibu mno.

"Upepo utamuua," sauti ikasema. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye hajalala usingizi siku nyingi sana. "Mfunike, dada. Ukimfunika hatoki. Hatoki kabisa."

"Wako alitoka."

Krrr ikasimama, ikaendelea kwa haraka zaidi.

"Mama," Breki akaita, sauti imekuwa nyembamba. "Mkono wangu... ule mwingine... siwezi kuuinua."

Bi Sindano akapapasa juu ya kifua cha mumewe, akavuka, akashuka begani, kiwiko, hadi mwisho wa mkono wa shati. Vidole vyake vikakuta meno yale ya mtoto. Mkono wa shati la mumewe ulikuwa umeshonwa kwenye ukuta. Na mshono ulikuwa unapanda. Aliusikia chini ya vidole vyake, ukiruka hatua kwa hatua kuelekea kiwiko.

Hofu ilimshika hapo. Lakini ikakuta hasira imekaa, imejaa tele.

"Sikiliza, fundi," akasema, na hakunong'ona. "Mshono unaotoka kwenye uoga haushiki. Mimi nafumua kazi za watu miaka thelathini. Hii yako hata lori la mkaa singelifunika nayo. Mzee!"

"Naam."

"Simama."

Miezi mitano Breki alikuwa hajasimama bila kushikwa. "Nitaanguka," akasema.

"Anguka basi, lakini uangukie nje!"

Kiti kikalia. Akamsikia mumewe akivuta pumzi kutoka mahali pa mbali, akiguna kama injini ya zamani inayokataa na kukataa na kisha kuwaka... Akasimama. Shati likachanika kuanzia mkononi hadi kwapani, na lilipochanika mshono wote ulikimbia, kuta zote tatu, trrrrrr, kama cherehani imepagawa.

Mwanga. Upepo. Ziwa zima.

Breki alikuwa amesimama kwenye ukingo wa kivuli, mkono mmoja uchi, ameshika nguzo, anahema. Hatua mbili mbele yake, nje, alisimama mwanamke wa shuka la kijivu. Hakuwa anamtazama yeyote kati yao. Alitazama maji kama mtu aliyekuwa hajui kwamba yapo.

"Atakufa," akasema taratibu.

"Atakufa," Bi Sindano akajibu, akija kusimama kando ya mumewe. "Na mimi nitakufa. Lakini atakufa anaona anachokitaka. Chini ya turubai langu huingii tena. Ukichoka, simama hapo hapo ulipo."

Breki akakohoa. "Na shati unalipa," akaongeza.

Jua likamaliza kuzama. Walipopepesa macho, palikuwa na majani tu, yamelala chini, yamelowa, upana wa nyayo mbili.

*

Hawakuondoka kesho yake. Walikaa siku tisa. Baadaye wakaenda mahali pengine, na pengine tena, sehemu zote ambazo Breki aliwahi kuzipita akiwa na haraka. Hakuna aliyezigusa kamba zao tena, ingawa kila jioni, popote walipokita nguzo, majani ya ukingoni yalilala chini kidogo. Bi Sindano aliyaona, akaendelea kumenya viazi.

Breki alifariki mwezi wa nane tangu siku ile, saa nne asubuhi, chini ya kivuli, akitazama bonde ambalo jina lake alikuwa amelisahau. Wifi alilia sana, kisha akataka tela lichomwe moto. Bi Sindano akamwambia achome la kwake.

Alisafiri peke yake baada ya hapo. Watu walisema ni kichaa cha msiba.

Juzi alikwenda kwenye duka la vitambaa kununua uzi. Muuzaji, ambaye wamejuana naye tangu nywele zao zikiwa nyeusi, akatoa chini ya meza furushi limefungwa kamba.

"Mzigo wako, mama. Mita kumi na mbili, kijani, kama ulivyoagiza."

"Sijaagiza kitu."

"Si jana jioni? Ulisimama hapo hapo, umejitanda. Nikakuuliza za nini, ukasema za kuta." Akamtazama vizuri, akasita. "Ukasema siku hizi peke yako unasikia baridi."

Bi Sindano alilitazama lile furushi. Ni kweli kwamba siku hizi za karibuni, usiku, alikuwa anasikia baridi. Ni kweli pia kwamba hakukumbuka jana jioni alikuwa wapi hasa, kati ya kufunga kibanda na kuwasha taa. Akaweka kiganja juu ya kitambaa. Kilikuwa kizuri. Kizito. Kingezuia upepo wote.

Akakisukuma, kikarudi upande wa pili wa meza.

"Kirudishe rafuni," akasema. "Na akija tena mwanamke wa kufanana na mimi, hata akiwa mimi mwenyewe, mwambie kimekwisha."