Barua Iliyotoka Bila Waya

Wewe umewahi kuona printa iliyochomolewa umeme ikivuta karatasi? Kama hujaona, basi usimcheke Fundi kwa kukimbia na kiatu kimoja.

Fundi alikuwa mwanamke mwenye stashahada mbili na ulimi mmoja mkali. Mtu akimtajia majini, alimwuliza kama yana nywila. Kompyuta zote za ile ofisi ya vibali zilikuwa mikononi mwake, pamoja na printa kubwa ya ukumbini, kando ya benchi la wateja.

Jumatatu saa nne asubuhi, printa hiyo ilitoa karatasi moja ambayo hakuna aliyeituma. Ilikuwa barua ya kuomba ruhusa ya matibabu, na chini yake jina la Bi Masijala, karani aliyekwisha kuzikwa.

"Itakuwa ilikwama kwenye foleni ya printa," Fundi alisema, akiikunja upesi.

"Foleni ya siku arobaini?" aliuliza tarishi, Mzee Hodi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hata chooni hakuingia bila kubisha. "Mwanangu, hata ya hospitali haifiki huko."

Barua ile waliijua wote. Bi Masijala alitaka kuichapa kwa printa ya chumba chake cha kazi, kwa siri, maana ilitaja ugonjwa ambao hata dada yake hakuwa ameambiwa. Ikatokea ukumbini, benchi likiwa limejaa. Watu wakaisoma, wakaipiga picha. Tangu siku hiyo hakukanyaga kazini wala kliniki, kwa kuogopa kukutana na waliomsoma, na wiki tatu baadaye akafariki. Fundi alipoulizwa siku ile imekuwaje, alijibu kitaalamu: "Alichagua printa isiyo yake." Nani angembishia?

Jumanne aliitoa printa kwenye mtandao, akaiunganisha kwa waya mfupi na kompyuta moja tu. Saa nne, barua. Jumatano akachomoa waya, akajaribu wai-fai. Barua ikaja, safari hii imeloa pembeni, inanuka udongo mbichi. Alhamisi alifuta kila programu, akazima rauta, akachomoa umeme, akakaa mbele ya mashine amekunja mikono kama askari wa zamu. Na saa nne ilipogonga akasikia magurudumu ya ndani yakianza kujizungusha taratibu, kama mtu anayesaga meno usingizini, kisha trei ikatetemeka, kisha harufu ya udongo ikapanda na ndani yake marashi yale yale ya Bi Masijala, na karatasi ikachomoza kidogo kidogo, ikimwelekea yeye, yeye tu, ilhali ukumbi mzima ulikuwa na watu. Hapo ndipo kiatu kilipobaki.

Mkuu wa ofisi hakuamini majini. Aliamini ufunguo, na ufunguo wa ukumbi alikuwa nao tarishi.

"Mzee, umebakiza miezi minne ustaafu, unacheza na jina la marehemu?" alifoka. "Kesho saa sita ufunguo mezani, na usirudi."

Mzee Hodi alimgeukia Fundi. "Wewe umesoma, mwanangu. Waambie ufunguo hauwezi kuwasha mashine iliyochomolewa."

Fundi aliangalia sakafu.

Ijumaa wafanyakazi walimleta mtabibu wa majini. Hakuja na vibuyu. Alikuja na miwani na mkoba, akaomba kiti. Akainusa printa, akanong'ona:

"Huyu jini hakufuata mashine. Amefuata uongo, ndio chakula chake. Nani humu alimsingizia marehemu?"

Mzee Hodi akauweka ufunguo mezani, polepole, akaanza kuvua kitambulisho chake cha kazi.

Printa ikaanza kusaga. Safari hii haikutoa barua. Ilitoa karatasi moja, na nyingine, na nyingine, zikimwagika sakafuni hadi miguuni mwa Fundi, zote zimeloa, zote zina mstari mmoja tu, maneno yake mwenyewe: Alichagua printa isiyo yake, alichagua printa isiyo yake, na kadiri alivyorudi nyuma ndivyo zilivyomfuata, mpaka mgongo ukagota ukutani na marashi yakamjaa kooni.

"Mwache mzee," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?" Mkuu aliuliza.

"Siku ile nilikuwa naweka printa mpya. Nilitakiwa kuunganisha kila chumba na printa yake. Nikaona uvivu. Nikazielekeza kompyuta zote ukumbini, nikasema nitarekebisha kesho, na sikumwambia mtu. Bi Masijala hakuchagua kitu. Alibonyeza 'chapa' tu, kama nilivyomfundisha. Picha zilipoanza kuzunguka nilipanda juu chumbani kwake, nikabadilisha mpangilio wa kompyuta kabla hamjautazama, nikashuka, nikawaambia kosa ni lake." Akajifuta uso kwa kiganja. "Naye Bi Masijala alikuwa amesimama pale pale, mkoba begani. Alinisikia nikisema."