Kilomita Mia na Kumi na Nne

Ijumaa ile ya Agosti ukungu uliukalia uwanja wa ndege wa Knock tangu alfajiri, na ndege mbili kutoka Uingereza zikazunguka angani mpaka abiria wakaishiwa sala. Zilipotua, zilitua karibu pamoja. Ukumbi ukajaa mashangazi, wajomba, watoto wenye mabango na mabegi yanayokanyaga watu vidole. Kwetu Mayo mtu akirudi nyumbani hupokelewa. Hata kama wewe na ndugu yako hamsemezani toka Pasaka, atakuja na gari lake bovu akuchukue, maana asipokuja watu watasema.

Ndiyo maana Noreen Convey, aliyekuwa nyuma ya kaunta ya magari ya kukodi, alishangaa kusikia lafudhi ya Belmullet, mji wa huko huko Mayo, kwenye foleni ya watalii. Noreen alikuwa na miaka thelathini na minne, nywele nyeusi zimefungwa juu na kalamu imechomekwa humo humo, koti la kijani la kampuni limempwaya mabegani. Aliinua macho akamwona mwanamume mpana, jaketi la ngozi lililochakaa viwikoni, viatu vimeng'arishwa kama anakwenda kanisani. Jina lake Declan Padden. Aliendesha winchi za ujenzi huko Leeds, Uingereza.

"Mtu wa Belmullet anakodi gari," Noreen akasema. "Kwenu wamekosa hata baiskeli ya kukupokea?"

"Nyumbani ni wazee, bibie. Sipendi kuwasumbua."

"Ila mimi nisumbuke."

"Wewe unalipwa."

Noreen akabana kicheko. Akamwambia magari madogo yamekwisha, limebaki moja tu, la watu tisa.

"Niko peke yangu."

"Basi tafuta wanane."

"Nikimpata mmoja anayefaa, si inatosha?"

Walitoka kulikagua gari kwenye ule upepo usiojua adabu. Noreen alilizunguka akiandika kila mchubuko, na vidole vyake vikageuka rangi ya bluu. Declan akamuuliza kwa nini havai glavu. Akajibiwa kwamba ukivaa glavu kalamu haishikiki. Akaichukua ile karatasi, akaiweka juu ya boneti, akaushika mkono wa Noreen kati ya mikono yake miwili mpaka ukapata moto. Noreen naye hakuutoa. Hapo ndipo yalipoanzia.

Kuanzia siku hiyo simu haikupumzika. Declan alimpigia akiwa juu ya winchi, wakati wa chakula cha mchana, mkate mdomoni. Akamwita Malkia wa Funguo. Noreen akamwita Viti Tisa, na jina likamganda hata wafagizi wa uwanjani wakalitumia. Kila mwezi alikuja. Alipanga chumba karibu na uwanja; Ijumaa na Jumamosi zilikuwa za Noreen, katika gari la Noreen, na walizurura Swinford na Foxford, miji ya jirani, wakacheza muziki kwenye baa, wakala chipsi ukingoni mwa mto. Jumapili ilikuwa ya mama. Siku hiyo tu ndiyo gari la kukodi liliondoka pale lilipoegeshwa.

"Nipeleke nimwone," Noreen alimwambia mara ya kwanza, kwa utani.

"Nitakupeleka, kipenzi. Subiri kidogo tu."

Akasubiri mpaka Krismasi, Krismasi ikapita. Akasubiri mpaka siku ya Mtakatifu Patrick, mwezi Machi. Kila mara Declan alikuwa na neno: mama ana mafua, kaka anapaka rangi nyumba, barabara ina barafu. Mama mzazi wa Noreen akaanza kusugua sufuria kwa nguvu kila jina la Declan likitajwa. Mwisho akasema wazi kwamba mwanamume asiyekuonyesha mama yake kuna kitu anakificha nyuma ya mlango. Maneno yale yalimchoma Noreen, kwa sababu alikwishawahi kuvishwa pete na mtu wa Galway kwa miaka minne, akaja kugundua kwamba yule bwana alikuwa na mtoto kwa mwanamke mwingine huko Athenry. Alichotaka kwa Declan kilikuwa kitu kimoja tu: aingizwe kwenye mlango wa nyumba yao, mama amtazame usoni, ajulikane ni wa nani.

Sasa sikilizeni. Mwenye kaunta ya magari anajua mambo ambayo padri hayajui. Gari likirudi, kazi yake ya kwanza ni kusoma kilomita. Kutoka Knock mpaka Belmullet na kurudi ni kilomita mia mbili na ishirini. Hakuna njia ya mkato, ni vinamasi na kondoo tu. Jumatatu moja ya mwezi Machi Noreen aliingia kwenye gari alilolirudisha Declan, akasoma, na kwa mara ya kwanza akatoa hesabu. Mia na kumi na nne. Akadhani amekosea. Aprili akasoma tena: mia na kumi na nne. Mei hivyo hivyo. Hamsini na saba kwenda, hamsini na saba kurudi. Kilomita hamsini na saba kutoka uwanjani ni Crossmolina, pale kwenye kona ya hoteli, nusu ya njia ya kwenda kwa mama.

Mtu mwingine angeuliza. Lakini sisi wa Mayo hatuulizi. Tunauzunguka ubishi kama paka anavyouzunguka uji wa moto, na tunauita huo ustaarabu. Noreen alichouliza kwenye simu ni hiki tu:

"Mama alipika nini Jumapili?"

"Nyama ya nguruwe na kabichi," Declan akajibu bila kusita. "Kakusalimu sana. Kaniuliza kama mikono yako bado inaganda."

Noreen akakata simu akisema kuna mteja. Hakukuwa na mteja. Alikaa akiitazama ile karatasi ya kilomita, moyo wake umekuwa mzito, akimchukia mtu anayeweza kumtumia mama yake mzazi kama pazia. Majira ya kiangazi yote akayameza. Akacheka naye, akacheza naye, na kila Jumatatu akasoma kilomita na kuziandika kwenye kijidaftari cha pembeni. Ninampenda Noreen, lakini kwa hilo ningemtandika kofi.

Oktoba Declan alikuja Jumapili, si Ijumaa kama kawaida. Alishuka na ndege ya asubuhi amevaa suti ya kijivu na tai, nywele zimelowa kwa maji ya kuchania. Ukumbi ulikuwa umejaa watu. Akaja moja kwa moja kwenye kaunta, akatoa kijisanduku kidogo cha bluu akakiweka juu ya mkataba.

"Noreen, mwambie mwenzako akushikie zamu. Leo nakupeleka mahali. Kuna mtu anatungoja."

Siku nyingine yoyote angeruka kaunta ile. Siku hiyo alikitazama kijisanduku, na miezi saba ya kimya ikamtoka mdomoni.

"Tunakwenda wapi? Crossmolina?"

Declan akageuka rangi. Noreen akaona, na akaona amepata alichokuwa akikitafuta.

"Mia na kumi na nne, Declan. Machi, Aprili, Mei, mpaka leo. Ulidhani sijui kusoma?"

"Ulikuwa unanipima?"

"Ndiyo kazi yangu. Nenda kamwambie huyo mwanamke wako wa Crossmolina aendelee kukupikia kabichi."

"Usimseme hivyo," Declan akasema, kwa sauti ya chini sana. "Mwingine mseme utakavyo. Huyo usimseme."

Akamtetea huyo mwanamke mbele yake, mchana kweupe, pete ikiwa mezani. Noreen akakisukuma kijisanduku kwa ncha ya kalamu mpaka ukingoni mwa kaunta. Declan akatazama kushoto, akatazama kulia. Foleni nzima ilikuwa imetega masikio, na katika foleni ile walikuwamo watu wawili wa Belmullet. Akachukua kijisanduku na ufunguo wa gari, akatoka.

Wiki ile alipiga simu mara tatu. Noreen hakupokea. Baada ya hapo simu ikanyamaza, na yeye, aliyetaka inyamaze, akawa anaitazama hata akiwa anakula.

Kwetu asubuhi redio husoma majina ya waliofariki, na wakati huo hakuna anayegonga kijiko kwenye kikombe. Katikati ya Januari Noreen alikuwa jikoni na mama yake, mkate mkononi, aliposikia: Bridie Padden wa Belmullet, ataombolezwa na mwanawe Cathal, mkwewe na wajukuu. Likasomwa jina jingine. Mama yake akamtazama. Noreen akangoja, kana kwamba msomaji atarudi nyuma kusahihisha. Declan, mtoto wa pili wa Bridie Padden, hakutajwa.

Kesho yake Declan alikuja kwenye kaunta na tai nyeusi, amekonda. Alikodi gari dogo. Noreen alimpa mkono akasema pole kwa msiba. Declan akasema asante, kama anavyoambiwa mtu yeyote, akatia sahihi.

Noreen akaomba ruhusa akaenda mazishini. Kwetu hilo halihitaji mwaliko. Kanisa lilijaa. Familia ilikaa benchi la mbele, na watu wakapita kwa foleni kuwashika mikono. Declan alikaa benchi la nne, peke yake, na watu walipomfikia walisita, hawajui kama huyu naye anapewa pole au la. Noreen alipita mbele ya kaka mtu bila kumwona vizuri, akarudi nyuma mpaka benchi la nne, akamshika mkono Declan. Mkono ule ulikuwa wa baridi.

Kwenye chai ya msiba, katika ukumbi wa parokia, mama mmoja aitwaye Philomena alikaa kando yake na sahani ya sandwichi. Alikuwa jirani wa marehemu. Akamuuliza yeye ni wa wapi, na aliposikia uwanja wa Knock, akaiweka sahani chini.

"Wewe ndiye binti wa funguo."

Kisha akamweleza, taratibu, huku akichungulia upande aliokaa Cathal. Baba yao alipofariki, miaka kumi iliyopita, ndugu wale waligombania shamba mpaka wakashikana makoti. Cathal akaapa kwamba Declan hatakanyaga ua ule yeye akiwa hai. Mama alikuwa akiishi kwa Cathal, angekwenda wapi? Kwa hiyo kila mara Declan alipokuja, Philomena alimchukua Bridie kwenye gari lake, nyumbani wakaaga kwamba wanakwenda misa ya mbali, akampeleka hotelini Crossmolina. Mama na mwana walikula pale dirishani. Nyama ya nguruwe na kabichi, kila mara. Bridie alimwapisha mwanawe asimwambie mtu, maana Mayo hii ukikohoa Swinford wanakupa pole Belmullet, na Cathal akisikia, wa kuumia ni yeye mama.

"Oktoba Bridie aliomba viti vitatu," Philomena akasema. "Alivaa koti lake zuri, lile la harusi. Alisema leo mwanangu analeta mtu. Declan akaingia peke yake akamwambia umeshikwa na kazi, utakuja baadaye. Mama akakaa mpaka saa kumi jioni. Sikuweza kumwondoa pale."

Noreen alisema asante kwa chai. Alitoka nje akasimama kwenye mvua kati ya magari ya waombolezaji, akalia kwa sauti, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa ilikuwa siku ya mazishi.

Jumatatu Declan alirudisha gari. Upepo ulikuwa ule ule. Noreen alilizunguka na karatasi yake ingawa kwa machozi hakuona kitu, akaingia, akasoma. Mia mbili na ishirini.

"Umefika nyumbani," akasema.

"Cathal alifungua geti. Jeneza lilikuwa linapita, asingeweza kulifunga."

Akatoa kifurushi mfukoni. Ndani mlikuwa na glavu za sufu nyeusi zilizofumwa kwa mkono, ncha za vidole zimeachwa wazi ili mtu aweze kushika kalamu. "Mama alizifuma. Zilikuwa mezani siku ile hotelini, mbele ya kiti chako. Nilizihifadhi. Ni zako, si zangu."

"Bora ningeuliza, Declan. Neno moja tu."

"Na mimi ningesema. Niliapa, lakini ningekwambia wewe."

Honi ya basi la uwanjani ikapigwa nyuma yao. Noreen akasema kile ambacho kwetu hakisemwi, akakisema wazi, akimtazama machoni.

"Utarudi Agosti, mwezi wetu?"

"Nirudi kwa nani?"

"Kwangu."

Declan akanyoosha mkono akamrekebishia ukosi wa lile koti la kijani linalompwaya, kama alivyokuwa akifanya zamani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Nakupenda, Noreen, hilo halijakwisha. Lakini kila nikikutazama namwona amekaa na koti lake, anatazama mlangoni. Siwezi kuishi na watu wawili kwenye uso mmoja."

Akambusu paji la uso, akabeba begi lake, akaingia ndani ya jengo. Hakukuwa na mtu wa kumsindikiza, kama ambavyo hakukuwa na mtu wa kumpokea.

Noreen akavaa zile glavu. Zilimtosha kabisa, ingawa aliyezifuma hakuwahi kuiona mikono yake. Akaegemeza karatasi kwenye boneti, akaandika tarehe, akaandika kilomita, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika kwamba gari limerudi bila mchubuko.