Vitambaa vya Dorika

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, karibu na Ikungi, nyumba zetu zilipangwa kwa mstari. Ukipiga chafya, jirani wa tatu anakuombea afya. Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha akina mama. Tukitoka shamba la kijiji, saa tisa alasiri, tuliketi kwenye madawati tukasoma.

Dorika alikuwa mwanafunzi wangu hodari. Alitoka Kinyangiri, akaolewa kwetu na Paskali. Ndoa yao ilikuwa na mwaka mmoja tu. Lakini mwezi ule alibadilika. Alikaa upande upande. Alisimama kabla ya somo kwisha. Mwishowe akaacha kuja kabisa.

Nikamfuata. Nikamkuta anapepeta uwele kwa mama mkwe wake, Bibi Sara.

"Mbona huji kusoma?"

"Nina kazi, mwalimu."

"Kazi gani? Nani hapa kijijini hana kazi?"

Akainama. Machozi yakadondoka kwenye ungo. Mimi sina subira na maneno ya kuzungushwa, lakini machozi nayaheshimu. Nikaketi chini.

Polepole akanieleza. Alikuwa anawashwa sehemu za siri. Alichubuka, na alitokwa na uchafu wenye harufu. Kila akimaliza siku zake za mwezi, hali ilizidi. Sasa alimkwepa hata mumewe. Alilala kwa mama mkwe na kusingizia kwamba mama hajisikii vizuri.

"Paskali anadhani simpendi," alisema. "Jana kaniuliza kama nataka kurudi kwa baba yangu. Ningemwambia nini? Kizazi changu kimefungwa, mwalimu."

"Nani kakuambia?"

"Nilianika kitambaa cha mwezini juani, mara moja tu. Mama mkwe akakiondoa mbio. Akasema kitambaa hicho kikionwa na jua, mwanamke hazai."

"Na sasa unaanika wapi?"

"Sivianiki. Naviweka chini ya ngozi ninayolalia."

"Vinakauka humo?"

"Havikauki sana. Navivaa hivyo hivyo."

Nilimhurumia mno. Kesho yake asubuhi nikampeleka zahanati kwa Damari, mkunga wetu. Bibi Sara naye akajifunga kanga akatufuata. Alisema hawezi kumwacha mkwe wake aende kama mtoto asiye na mama.

Damari alimpima Dorika nyuma ya pazia. Kisha akatuita sote.

"Ameambukizwa, lakini atapona," alisema. "Hakuna aliyemroga, na kizazi chake hakijafungwa na jua. Damu ya mwezi si ugonjwa wala laana. Kila mwezi kizazi hujiandaa kupokea mimba. Mimba isipoingia, maandalizi yale hutoka. Ni hivyo tu. Lakini kitambaa kibichi kikifichwa gizani huota ukungu na vijidudu. Ukikivaa, vinakudhuru. Jua ndilo linalokausha kitambaa na kuviua vijidudu."

Bibi Sara alikunja uso. "Wewe ni mwanangu kwa umri. Sisi tulifundishwa na mama zetu."

"Ndiyo, mama, sikatai. Kule mlikohama, mlianika wapi?"

"Kichakani, nyuma ya zizi. Wanaume hawakufika kule."

"Na jua lilifika?"

Bibi Sara akageuka. Akatazama dirishani.

"Lilifika," alisema. "Tena kali."

"Na ulizaa watoto wangapi?"

"Saba."

Niliuma pindo la kanga nisicheke. Bibi Sara akaniona, akacheka yeye mwenyewe mpaka akajifuta macho.

"Kumbe mama zetu walituonya juu ya macho ya watu," alisema. "Hapa kijijini hakuna kichaka. Majirani wako puani. Nikaona nifiche vyote, hata kwa jua."

"Endelea kuvificha watu wasivione, mama. Hiyo ni heshima yetu," alisema Damari. "Jua liache lifanye kazi yake. Dorika, badili kitambaa mara kadhaa kwa siku. Kifue kwa sabuni na maji safi. Kianike juani mpaka kikauke kabisa. Dawa hii uimalize yote, hata ukiona nafuu. Siku nyingine ukiwashwa, njoo mapema. Usikae na aibu ikakuumiza."

Dorika alishusha pumzi ndefu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu mwezi ule uanze.

Tulipofika nyumbani, Bibi Sara alimwita Paskali.

"Jenga ua wa mabua ya mtama nyuma ya nyumba. Uwe mrefu kukupita wewe. Usiuezeke."

"Wa nini, mama?"

"Wa kuogea mkeo, na mambo ya wanawake. Kata mabua."

Paskali akakata mabua. Dorika alimfuata, akamweleza yote mwenyewe.

"Kwa hiyo hukunichoka?" Paskali aliuliza.

"Nilikuwa naumwa. Niliona aibu."

Paskali aliweka panga chini. "Mimi nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia baba yako," alisema. Akakaa juu ya mabua, akacheka.

Ua ulikwisha siku ya tatu. Ndani yake palifungwa kamba, na jua lilipiga pale tangu asubuhi. Akina mama wa mstari wetu walikuja kuutazama, mmoja mmoja, wakijifanya wanaomba chumvi. Kabla ya mavuno, nyumba sita zilikuwa na ua kama ule.

Muwasho wa Dorika ulikwisha. Siku aliyomaliza dawa, Bibi Sara alimbebea kapu la nguo mpaka mlangoni kwa Paskali.

"Mkeo huyu hapa," alimwambia mwanawe. "Hakuwa na kosa lolote. Aliyekosea ni mimi."