Hodi ya Nne

"Kumi na Saba, jamaa kaingia Hurumzi. Usimpoteze."

"Nnamuona," Msabah alijibu simuni.

Msabah alimuona vizuri sana. Shati la buluu, mgongo umelowa jasho, boksi la biskuti amelikumbatia kifuani. Tahir, wakala wa forodha, mtu wa kitambi na viatu vya ngozi, alikuwa akikata vichochoro vya Mji Mkongwe saa tisa na nusu mchana, na watalii wakimpisha huku wakicheka.

Alipofika Kiponda akapinda kushoto. Kushoto pale pana ukuta.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Msabah hakuitoa bastola yake, Glock. Alimshika Tahir kola, akamkalisha barazani, akalifungua boksi. Hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na nguzo mbili nyembamba za njano, kila moja na kioo cheusi ubavuni.

Alizijua. Wiki tatu alikuwa akizitazama kwenye skrini.

Nguzo hizo ni pazia la mwanga. Zinasimama mbele ya mashine, moja huku, moja kule, na baina yao inapita miale ambayo jicho haliioni. Mkono ukiikata miale, hata kidole tu, mashine inasimama papo hapo. Mahali pake palikuwa kiwanda cha mwani nje ya Mpendae, mbele ya mashine ya kushindilia marobota, si kwenye boksi la biskuti.

"Na kule kiwandani pamefungwa nini?" aliuliza.

Tahir akameza mate. "Zinazofanana nazo. Kazitengenezesha Kessler, yule mzungu mnunuzi wa mwani. Tulizibadilisha leo, sala ya Ijumaa, watu wako msikitini."

"Zinafanya nini?"

"Zinaitika mara tatu. Baadae zinalala. Taa inabaki kijani, lakini hazioni kitu."

"Kwa nini tatu?"

Tahir alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Weye mtu wa wapi, yakhe? Nani hapa anapiga hodi ya nne?"

Msabah alizijua hodi hizo.

Fundi aliyewafunza wanawake wa kiwanda aliwaambia wawe wakilijaribu pazia kila zamu kabla ya kuanza kazi. Akawapa fimbo. Wao fimbo wakaitia pembeni. Mkuu wa mashine alikuwa akishika ncha ya kanga yake, anaipitisha kwenye miale, anasema "Hodi!" Mashine ikisimama, wenzake wanaitikia "Karibu!" Mara tatu, kama mlangoni kwa mtu. Zaidi ya tatu ni ukosefu wa adabu. Mtu muungwana asipoitikiwa mara ya tatu hugeuka akaenda zake.

Kessler alikaa nao miezi, akinywa chai yao na kuhesabu hodi zao. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Huyu mgeni alikuwa akinunua mwani mbichi kisiwani kote kwa bei anayoitaka yeye, mpaka kiwanda kilipofunguliwa. Leo saa kumi wanunuzi wapya walikuwa wanakuja kutazama. Mkono mmoja ukisagika mbele yao, kiwanda kimefungwa.

Na mkono huo Msabah aliujua.

Mkuu wa mashine alikuwa Bi Mwanamkasi, dada yake, tumbo moja. Mama yao alipofariki ndiye aliyemlea, kwa mwani wa Jambiani, mgongo umepinda majini. Dada huyo aliamini kwamba mdogo wake anaendesha lori Salalah, Omani. Miaka sita hiyo, bila barua, bila simu. Ndiyo amri ya Idara kwa wapelelezi wake.

Wiki tatu Msabah alikuwa amekaa peke yake katika chumba cha kukodi mtaa wa Amani, akila mkate kwa chai ya rangi, akimsikiliza dada yake kupitia kamera iliyofichwa ndani ya saa ya ukutani. "Hodi!" asubuhi. "Hodi!" mchana. Siku moja, chumba kimemwelemea, alijikuta ameitikia.

"Bi Saadiya," alisema simuni. "Zima umeme wa Mpendae."

"Kuuzima ni dakika arubaini." Sauti ya mkubwa wake haikupanda wala kushuka. "Kiwandani hawapokei simu. Vijana wangu wamo njiani, lakini Kessler akistuka kabla hatujamshika, tumemkosa."

"Nipo karibu. Nnakwenda mie."

"Usionekane. Akijulikana kuwa ni dada yako, watajua pa kukupiga."

"Nshakwambia nnakwenda."

Alimfunga Tahir pingu kwenye kitasa cha mlango wa mtu, akaenda kuiwasha pikipiki yake, Vespa.

Darajani. Michenzani. Saa ya Casio mkononi ilisema saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Lori la makuti lilikuwa limeziba njia, akalipita juu ya kibaraza cha duka, mwenye duka akimtukania ukoo mzima. Kasoro nne akateremka kiwandani, akavaa kofia ngumu ya fundi, koti la kung'aa na barakoa, vilivyokuwa vimetundikwa getini.

Ndani wageni walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Kessler alikuwa mbele kabisa, kofia ya kiua iliyodariziwa kichwani, simu ameinyanyua juu anarekodi.

"Hodi!" ilisikika sauti ya Bi Mwanamkasi.

"Karibu!"

Hiyo ilikuwa ya tatu. Wageni wakapiga makofi.

Chuma cha kushindilia kikaanza kupanda. Taa ilikuwa kijani. Bi Mwanamkasi akainama, akanyoosha mkono kuuweka sawa mwani wa pembeni, kama afanyavyo kila siku. Kitufe chekundu cha kuzimia kilikuwa upande wa pili, hatua kumi. Chuma kilikuwa kishaanza kushuka.

Miaka sita ya kujificha ikamtoka Msabah mdomoni.

"Da Mwana! Mkono!"

Mkono ulirudi. Chuma kikashuka, kikaidaka ncha ya kanga, kikairarua.

Taa ilibaki kijani.

Msabah alikipiga kitufe kwa ngumi. Mashine ikanyamaza. Bi Mwanamkasi alikuwa ameshika kipande cha kanga kilichobaki, macho yake hayako kwenye mashine. Duniani alikuwapo mtu mmoja tu aliyewahi kumwita Da Mwana.

Msabah hakumtazama. Lau angemtazama, asingeweza kuendelea.

Akakifungua kitufe, mashine ikaunguruma tena, akamgeukia Kessler.

"Bwana Kessler, wewe mwenyeji sasa. Njoo upige hodi."

Kessler akatabasamu. "Mimi si fundi, ndugu yangu."

"Hata bibi huyu si fundi. Taa ni kijani. Tia mkono."

"Sio kazi yangu."

"Kidole tu."

Kessler alitia mkono mfukoni. Wanunuzi wakautazama mfuko ule, kisha taa ile, kisha kanga iliyochanika. Msabah akauchukua ufagio, akaupitisha kwenye miale. Chuma kikaukata katikati.

Hapo Kessler akatimua mbio. Lakini mlangoni walikuwa wamesimama wanawake kumi na wawili, mikono yao imekomaa kwa kamba za mwani. Hakuna aliyempisha. Vijana wa Bi Saadiya walipofika walimkuta amekaa chini, kofia imepotea.

"Kumi na Saba?" ilisema simu.

"Tumemshika. Za kweli ziko kwa Tahir, zirudishwe leo leo."

"Umeonekana?"

"Nimesikika."

"Basi boti ya saa kumi na mbili. Na Unguja hutorudi tena."

"Nimefahamu."

Akatoka. Ua wa kiwanda ulikuwa mrefu, umeanikwa mwani huku na huku, na Vespa iko mbali getini. Alitembea taratibu, mikono mfukoni, kama fundi aliyemaliza zamu.

"Hodi!"

Sauti ilitoka mlangoni, nyuma yake. Hakugeuka.

"Hodi!"

Moyo ulimuuma waziwazi, kama jino. Akaendelea.

"Hodi!"

Tatu. Adabu ile alifundishwa na mwenye sauti ile ile, yeye ana miaka mitano, wamesimama mlangoni kwa jirani kuomba moto. Tatu, kisha ugeuke uende zako. Akaifikia Vespa. Akashika usukani, akingojea zisikike nyayo zikirudi ndani.

Hazikusikika.

"Hodi!" Sauti ilikuwa imepasuka. "Hodi, we mtoto!"

Msabah akavuta barakoa chini ya kidevu. Hakugeuka, lakini alinyanyua mkono juu, vidole vyote vitano, auone.

"Karibu, Da Mwana," alisema.

Kisha akapiga kiki Vespa, akaelekea bandarini.