Astilbi Chini ya Dirisha la Bi Badria

Nyumba ya Mzee Thani iko Oman, kwenye mlima wa Jabal Akhdhar, juu ya mji wa Birkat al Mauz. Mbele ya nyumba kuna mawaridi na mikomamanga. Nyuma, chini ya ukuta, ni kivuli karibu kutwa nzima. Huko waridi halichanui.

Na huko ndiko linakotazama dirisha la mama yake, Bi Badria. Tangu avunjike nyonga, hataki kutoka chumbani, ingawa daktari amemwambia atembee. Kutwa anautazama ukuta mtupu. Jambo hilo lilimuuma sana Thani.

Binti yake, Khulood, akaleta miche mitatu ya astilbi. Ni ua la kivulini, lenye mashuke laini ya rangi ya waridi. Thani aliipanda chini ya dirisha. Kila zamu yake ya maji ya falaji, mfereji ambao wanakijiji hugawana maji yake, ilipofika, alifungua mfereji mpaka bustani ikafurika. Kisha alingoja siku nane, zamu irudi. Thani kazaliwa Unguja. Zamu ya falaji kaipata uzeeni. Aliionea fahari kama mtoto na nguo ya Idi.

Mche wa kwanza ulioza. Wa pili ulikauka kingo za majani, ukafa. Ukabaki mmoja.

"Kamwite Samah," Bi Badria alisema dirishani. "Wewe na falaji lako, na huo utauua."

Samah ni jirani yao. Anafanya kazi kwenye bustani ya kuuzia miche.

"Shikamoo, bibi," Samah alisema alipofika.

"Marahaba, mwanangu. Mseme huyu, mimi hanisikii."

Samah alitia kidole udongoni. "Ammi Thani, unaunywesha lini?"

"Zamu ikifika. Kama mikomamanga."

"Mkomamanga mizizi yake inakwenda chini, unastahamili. Astilbi mizizi yake iko juu juu. Leo unauzamisha, kesho kutwa una kiu."

"Sasa zamu yangu niitupe? Wallahi, haiwezekani!"

"Usiitupe. Siku ya zamu jaza pipa. Kila asubuhi tia kidole. Udongo mkavu, mwagia kwa birika. Una unyevu, uache."

Walichanganya udongo na samadi iliyooza, wakauinua kidogo ili maji yasituame. Juu wakatandaza majani makavu, bila kufunika shina.

"Baridi ikija majani yatakufa yote," Samah alisema. "Usiung'oe. Mizizi itakuwa hai."

Thani alinuna, lakini alitii. Aliuziba mfereji wa upande ule kwa jiwe na kitambaa.

Baridi ikaja. Mche ukatoweka.

"Khalas, baba, mche umekufa," Khulood alisema.

Thani alichukua jembe achimbe aone. Bi Badria akagonga kioo kwa nguvu. Thani akalirudisha jembe.

Baridi ilipopungua, machipukizi mekundu yalitokeza. Kufika Juni, mashuke manne yalikuwa yamechanua kwenye kivuli. Thani alifurahi mno.

Asubuhi moja alizunguka nyuma na birika lake. Dirisha lilikuwa wazi, na mama yake hayupo. Alimwita.

Akageuka. Bi Badria alikuwa anakuja taratibu, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwa Khulood. Alifika penye ua, akaliangalia. Akainama kwa shida, akatia kidole udongoni.

"Pakavu," alisema. "Lete birika."